Mbu wa Pwani: Gharama isiyoandikwa kwenye daftari la mkulima na mwenye genge

GIZA linapoanza kuingia katika vitongoji vya Dar es Salaam, ndipo biashara nyingi ndogo huchangamka. Muuza chipsi huwasha jiko, mwenye genge hupanga nyanya mafungu mafungu, na mama wa samaki wa kukaanga hufunua karai lake kandokando ya barabara. Saa hiyo hiyo mbu nao hutoka. Mteja aliyekusudia kukaa kwenye benchi na kula hapo hapo huanza kujipiga miguuni, kisha huomba afungiwe chakula aondoke nacho. Soda aliyokuwa anunue haiuziki tena.

Hali ni hiyo hiyo Tanga, Bagamoyo, Mtwara, Unguja na Mombasa. Joto la Pwani na maji yasiyokauka haraka humpa mbu nafasi ya kuzaliana karibu mwaka mzima, na baada ya mvua za masika na vuli wingi wake huwa wa kukera.

Wafanyabiashara wengi huandika kwenye daftari bei ya sukari, mkaa na nauli ya kwenda sokoni. Ni wachache wanaoandika dawa ya mbu. Hebu fanya hesabu hii kwa bei ya dukani kwako. Pakiti ya dawa ya mbu ya kuchoma kwa kawaida huwa na vipande 10, na kipande kimoja huungua kwa takriban saa nane. Nyumba ya vyumba viwili inayochoma vipande viwili kila usiku inatumia vipande 60 kwa mwezi, yaani pakiti sita. Kwa mwaka ni pakiti 72. Ongeza chupa za dawa ya kupuliza, ongeza nauli ya kwenda zahanati, vipimo na dawa, kisha ongeza siku ambazo genge lilifungwa au bustani haikumwagiliwa kwa sababu mwenyewe amelala na homa.

Fedha hizo karibu zote hutumika kumpiga vita mbu ambaye tayari anaruka. Kesho yake wanazaliwa wengine, na pakiti nyingine inanunuliwa. Moshi wenyewe nao si wa kuchezea: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa kipande kimoja cha dawa ya kuchoma chaweza kutoa chembechembe laini za moshi sawa na za sigara kati ya 75 na 137. Kumfungia mtoto katika chumba chenye moshi huo usiku kucha ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

Njia ya gharama nafuu zaidi ni kumwahi mbu akiwa bado majini, ambako hawezi kukimbia. Na hapa ndipo mkulima na mfanyabiashara mdogo wanapohusika kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa maji mengi anamozaliwa mbu wa Pwani ni yale yanayohifadhiwa, kuchimbwa au kusahauliwa katika shughuli za kutafuta riziki.

Mbu watatu, maji matatu

Kosa la kwanza ni kudhani mbu wote ni wamoja. Wanaosumbua nyumba za Pwani ni wa makundi matatu, na kila moja lina maji yake, saa zake na ugonjwa wake.

Wa kwanza ni Anofelesi, mbu wa malaria. Huuma usiku, na anapotua ukutani huinua sehemu ya nyuma juu kama anayetaka kusimama kichwa chini. Hupendelea maji yaliyotuama yenye kupata jua: madimbwi, nyayo za ng'ombe, mashimo ya kufyatulia matofali, mifereji ya bustani, visima vifupi vya kumwagilia. Mjini amejifunza kuishi hata katika mitaro ambayo si safi sana.

Wa pili ni Kuleksi. Huyu ndiye anayeimba sikioni usiku na ndiye mwenye idadi kubwa kuliko wote katika miji ya Pwani. Huzaliana katika maji machafu ya vyoo vya shimo, makaro yenye mifuniko iliyopasuka na mitaro iliyoziba. Haambukizi malaria, lakini katika ukanda huu ndiye msambazaji mkubwa wa minyoo inayoleta matende na mabusha, maradhi ambayo Pwani imeyajua kwa vizazi vingi.

Wa tatu ni Aedesi, mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, na huzaliana ndani ya vyombo: mapipa, ndoo, matairi, makopo, vifuu vya nazi. Ndiye anayeeneza homa ya dengi na chikungunya. Ugonjwa wa chikungunya ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika nyanda za Wamakonde, kusini mwa Tanzania, mwaka 1952, na jina lake limetokana na Kimakonde likieleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Dengi nayo ililikumba Jiji la Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, ambapo maelfu ya watu waliugua. Mombasa nayo imepata milipuko ya magonjwa yote mawili.

Tofauti hizi zina maana kubwa. Familia inayolala ndani ya chandarua chenye dawa inaweza kuendelea kusumbuliwa na Kuleksi sebuleni, ikaamua kwamba chandarua hakina faida na kukigeuza uzio wa kuku. Chandarua kilikuwa kinafanya kazi yake dhidi ya mbu wa malaria; kelele zilitoka kwenye karo. Vivyo hivyo, mwenye genge anayeumwa na Aedesi saa nne asubuhi hawezi kusaidiwa na chandarua kilichoko kitandani.

Zipo njia rahisi za kujua ni mbu gani anayezaliwa nyumbani kwako. Chota maji kwa bakuli jeupe, tulia kidogo, kisha tazama viluwiluwi. Wakilala sambamba na uso wa maji, hao ni Anofelesi. Wakining'inia vichwa chini, ni Kuleksi au Aedesi, na hapo chombo ulichochotea kitakwambia: maji ya choo au karo ni Kuleksi, maji ya pipa safi au tairi ni Aedesi. Ukiona vidude vyenye umbo la alama ya koma vinavyorukaruka, hayo ni mabuu, hatua ya mwisho, na zimebaki siku mbili tatu tu wawe mbu.

Siku saba

Katika joto la Pwani, yai la mbu laweza kuwa mbu kamili kwa muda wa kati ya siku saba na kumi na nne. Hiyo ndiyo hesabu ambayo kazi yote inaifuata. Maji yakimwagwa, yakikaushwa au yakifunikwa angalau mara moja kila wiki, mbu hapati muda wa kukamilika. Wanaofanya usafi mara moja kwa mwezi huwa wanawaacha mbu wahitimu mara tatu kabla ya kufika.

Kwa Aedesi kuna jambo moja la ziada ambalo watu wengi hawalijui. Huyu hatagi mayai yake juu ya maji bali ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa bila kufa. Mvua ikinyesha au pipa likijazwa tena, yanaanguliwa. Hivyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Sharti chombo kisuguliwe kwa brashi au mchanga kuanzia mdomoni hadi chini. Mtu anayemwaga pipa lake Jumamosi na kulijaza Jumapili bila kulisugua amepoteza maji tu.

Katika mitaa mingi maji ya bomba hutoka kwa zamu, na hakuna atakayemwambia mama wa nyumbani asihifadhi maji. Jambo la kufanya ni kufunika vizuri. Mfuniko uliolegea au ubao uliowekwa juu ya jaba haumzuii mbu. Kitambaa cha wavu kilichofungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli kuzunguka mdomo wa pipa humzuia kabisa, na maji ya mvua kutoka kwenye mabati bado hupita. Matangi makubwa ya plastiki nayo yakaguliwe: tundu la bomba la kufurikia mara nyingi huachwa wazi, na mbu huingilia hapo.

Tahadhari ya matangi imepata uzito zaidi katika miaka ya karibuni. Mbu wa malaria kutoka Asia, aitwaye Anofelesi stefensi, aligunduliwa Djibouti mwaka 2012, akafika Ethiopia mwaka 2016 na Kenya mwaka 2022. Tofauti na ndugu zake wa Afrika, huyu hustawi mjini ndani ya matangi na mapipa ya maji safi.

Kutoka shina la mnazi hadi nyuma ya friji

Muuza madafu ni mfano mzuri wa jinsi biashara inavyoweza kufuga mbu bila mwenyewe kukusudia. Dafu likishakatwa na kunywewa hutupwa nyuma ya toroli au pembeni mwa ukuta. Mvua moja tu huligeuza kuwa bakuli, na rundo la madafu hamsini ni mabakuli hamsini ya Aedesi mita chache kutoka wateja wanapokaa. Kulipasua dafu vipande viwili kabla ya kulitupa, au kulilaza mdomo ukiwa chini, huchukua sekunde chache. Wanaokausha mbata wana tatizo hilo hilo katika vifuu, ingawa wao wana faida ya kuvitumia vifuu jikoni kama kuni vikikauka.

Fundi wa pancha naye ana matairi mabovu. Tairi hata likisimamishwa hubakiza maji ndani ya mkunjo wake. Lililowekwa nje kama alama ya kazi litobolewe matundu kwa chini. Yaliyobaki yawekwe chini ya paa. Wafyatua matofali ya saruji hutunza maji kwenye mapipa kwa ajili ya kumwagilia, na pipa lisilotumika kwa wiki mbili kwa sababu oda zimepungua huwa na viluwiluwi tele.

Wenye maduka wanaojiona hawahusiki wachungulie nyuma ya friji la soda. Trei inayopokea maji ya barafu hukaa gizani, yenye joto, na haiguswi kwa miezi.

Kuhusu kufyeka majani, ambako hutiliwa mkazo sana kila zinapotangazwa siku za usafi: majani ni mahali pa mbu kupumzikia, si pa kuzaliana. Uwanja uliofyekwa vizuri na kuachiwa makopo kumi yenye maji bado unazalisha mbu. Penye nguvu chache za kazi, makopo yatangulie.

Bustani ya mabondeni

Wakulima wa mboga katika mabonde ya miji ya Pwani wamelaumiwa mara nyingi kuwa ndio chanzo cha malaria, na mara nyingine wametishiwa kuondolewa. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imepanuliwa kupita kiasi. Tafiti zilizofanywa Dar es Salaam zilikuta viluwiluwi vya Anofelesi katika maeneo ya kilimo, hasa kwenye mifereji iliyo katikati ya matuta. Zilivikuta pia kwenye mitaro ya barabarani, madimbwi na maeneo ya ujenzi. Mkulima anayetaka kubaki bondeni kwake ana sababu nzuri ya kuhakikisha kwamba bondeni hapo hapatoki mbu.

Tatizo kubwa liko kwenye matuta ya matembele na mboga nyingine yanayolimwa penye unyevu. Tuta huinuliwa, udongo hutolewa pembeni, na pembeni pale maji ya chini ya ardhi hujitokeza yakatulia juani, hasa hali anayoipenda Anofelesi. Mara nyingi ncha za mfereji huwa zimezibwa, ama kwa udongo wa palizi au makusudi ili maji yasipotee. Kinachotakiwa ni matuta yaelekezwe kwenye mteremko na ncha ya chini ya kila mfereji ifunguliwe kuelekea mtaro mkubwa. Maji yanayotembea, hata polepole, hayamfai mbu. Pale ambapo mkulima anahitaji kuzuia maji wakati wa kiangazi, afungue mifereji yote mara moja kwa wiki na kuiacha ikauke kwa siku moja au mbili kabla ya kuziba tena. Mboga haitakufa, viluwiluwi vitakufa.

Visima vifupi vya kumwagilia ni suala jingine, kwani huwezi kuvikausha. Hapa samaki ndiye mfanyakazi asiyedai ujira. Utafiti uliofanywa Kisii, magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa mabwawa yaliyowekwa sato yalipunguza viluwiluwi vya mbu wa malaria kwa zaidi ya asilimia 94 baada ya wiki 15. Kisii si Pwani, lakini perege na jamaa zake huishi vizuri katika maji ya joto la ukanda huu. Perege wadogo ndio wanaokula viluwiluwi kwa bidii zaidi. Sharti moja huwa linasahaulika: kingo za kisima zisafishwe majani na mwani, kwani viluwiluwi hujificha humo na samaki hawezi kuwafikia. Kisima kinachokauka kiangazi kitahitaji samaki wapya kila msimu. Bwawa la samaki lililotelekezwa, nalo, ni baya kuliko kutokuwa na bwawa kabisa.

Kuna wanaomwaga oili chafu ya magari juu ya maji. Oili huua viluwiluwi kweli, na hapo zamani ilitumika sana. Lakini maji hayo ndiyo yanayomwagiliwa mchicha utakaouzwa sokoni, na oili ikishaingia kwenye udongo haitoki kirahisi. Kumwaga dawa ya wadudu wa mazao ni kosa kubwa zaidi. Mbali na kuua samaki na kumdhuru mnywaji, dawa nyingi za bustani ni za jamii moja na zile zinazowekwa kwenye vyandarua. Viluwiluwi vinavyokua katika maji yenye mabaki ya dawa hizo huzoea, na mbu wanaotoka huwa sugu. Mkulima anayepuliza mchicha kila siku tatu hata pasipo wadudu anapoteza fedha mara mbili: leo kwenye dawa ya mchicha, kesho kwenye chandarua kisichoua.

Chengachenga nyeupe za Makunduchi

Kuhusu vyoo, Pwani ina somo lake yenyewe, nalo lilitoka Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980. Vyoo vingi vya mji huo vilikuwa vya shimo lenye maji, na kila shimo lilikuwa kiwanda cha Kuleksi. Watafiti walimwaga chengachenga nyeupe za plastiki nyepesi, zile zile za maboksi yanayofungia televisheni, zikaelea na kutengeneza tabaka la takriban sentimita moja juu ya maji. Mbu jike hakuweza kufika majini kutaga, na viluwiluwi vilivyokuwa chini havikuweza kupata hewa. Choo kiliendelea kutumika kama kawaida, kwa kuwa uchafu hupenya na tabaka hujifunga tena.

Wakazi walipewa pia dawa za kutibu minyoo ya matende. Idadi ya mbu ilishuka sana, na maambukizi yakapungua na kubaki chini kwa miaka kadhaa baada ya dawa kutolewa. Tofauti na dawa ya kupuliza, tabaka lile halikuhitaji kurudiwa kila wiki.

Si kila choo kinafaa. Chengachenga zinafaa tu pale ambapo shimo lina maji, limefungwa pande zote na halifuriki. Katika maeneo ya mabondeni ambako mvua za masika hufurisha vyoo, chengachenga zitaishia mtoni na baharini, na hilo halikubaliki. Gari la kunyonya maji taka nalo huziondoa. Kwa choo kikavu hazina kazi.

Kwa wenye karo, tiba ni rahisi zaidi: ziba nyufa za mfuniko kwa saruji na mchanga, na funga wavu juu ya bomba la kutolea hewa. Mfuko mmoja wa saruji huziba makaro kadhaa, hivyo majirani wanaweza kuchangiana. Katika mitaa yenye Kuleksi wengi hakuna matumizi ya fedha yanayoleta nafuu ya haraka kama haya, na inashangaza jinsi yanavyoachwa wakati kila nyumba inanunua dawa ya kuchoma.

Kata tatu zilizoanza

Jiji la Dar es Salaam lina uzoefu mrefu wa kupambana na mbu majini. Kati ya mwaka 1988 na 1996 kulikuwa na mradi uliosaidiwa na Japani. Mwaka 2004 ulianza mpango mwingine wa kudhibiti malaria mjini, ambao mwaka 2006 ulianza kuweka dawa ya kibaiolojia kwenye mazalia katika kata tatu: Buguruni, Kurasini na Mikocheni. Baadaye ulipanuliwa hadi kata 15.

Kilichoutofautisha mpango huo ni watu waliofanya kazi. Walikuwa wakazi wa mitaa yenyewe, waliolipwa posho ndogo, kila mmoja akikabidhiwa eneo lake kwa mashina ya nyumba kumi. Walichora ramani kwa mkono wakionyesha kila kiwanja, mtaro na dimbwi, kisha wakapita kila wiki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa katika kata zilizowekewa dawa maambukizi ya malaria yalipungua kwa asilimia 72. Gharama ilikuwa takriban dola moja ya Marekani kwa kila mtu aliyekingwa kwa mwaka.

Dawa yenyewe ni bakteria waliogunduliwa mwaka 1976. Kiluwiluwi akiwala hufa. Binadamu, kuku, ng'ombe na samaki hawadhuriki. Upungufu wake ni kwamba hudumu kwa muda mfupi, mara nyingi wiki moja, na haiui mabuu kwa kuwa hayali. Ndiyo maana haina nafasi kwa mtu anayetaka kuweka mara moja na kusahau. Aina ya pili ya bakteria hudumu zaidi katika maji machafu na hufaa kwa Kuleksi.

Tangu mwaka 2015 Tanzania ina kiwanda cha dawa hizo huko Kibaha mkoani Pwani, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba. Mwaka 2017, Rais wa wakati huo, John Magufuli, alizitaka halmashauri kununua dawa hizo. Kwa mtu mmoja mwenye kisima kimoja, samaki watamgharimu kidogo zaidi. Kwa chama cha wakulima wa bonde zima, au kwa mtaa wenye mitaro mirefu isiyotiririka, dawa hii inafaa kuulizwa kwenye ofisi ya afya ya halmashauri. Kipimo kifuatwe kama kilivyoandikwa kwenye chupa, kwani kupunguza ili dawa iende mbali ni kuwalisha viluwiluwi bila kuwaua.

Nyumba na joto

Ushauri wa kufunga madirisha saa kumi na mbili jioni hutolewa na watu wanaolala mahali penye baridi. Katika Pwani, chumba kilichofungwa hugeuka tanuri, na wenye nyumba hufungua kila kitu au hukaa barazani hadi saa nne usiku, saa ambazo mbu nao wako kazini. Wavu ndio unaopatanisha haja hizo mbili.

Anayenunua wavu wa dirisha aangalie aina. Wavu wa waya wa chuma huliwa na chumvi ya upepo wa baharini na kutoboka baada ya muda mfupi. Wa plastiki au alumini hudumu zaidi. Sehemu inayosahaulika ni mwanya kati ya ukuta na paa, ambao ndio njia kuu ya Anofelesi kuingilia. Kuuziba kwa tofali huongeza joto, hivyo ni bora kuuwekea wavu ili hewa ipite. Nchini Gambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa nyumba zilizowekewa wavu milangoni na madirishani na kuzibwa mianya ya paa ziliingiwa na mbu pungufu kwa asilimia 59. Mtwara nako zimejengwa nyumba 110 za majaribio, za ghorofa na zenye kuta zinazopitisha hewa, ili kupima jambo hilo hilo katika joto la Pwani ya Tanzania.

Mafundi seremala wana soko hapa. Fremu ya wavu inayofungwa kwa bawaba, iliyopimwa vizuri, ni kazi ya nusu siku, na mteja aliyewekewa dirisha moja mara nyingi hurudi kwa mengine.

Moshi wa kivumbasi, makumbi ya nazi na majani ya mwarobaini unaotumiwa na wazee wa Pwani huwafukuza mbu kwa muda, na barazani jioni unaweza kusaidia. Feni nayo husaidia, kwa kuwa mbu si mrukaji hodari. Hakuna kati ya hivyo kinachogusa maji wanakozaliwa.

Limebaki suala la jirani. Aedesi ni mvivu wa safari, na aghalabu haendi zaidi ya mita mia mbili kutoka alikozaliwa, kwa hiyo anayekuuma dukani ametoka kwako au kwa nyumba za karibu. Anofelesi na Kuleksi hutoka mbali zaidi. Mtaa mzima unaweza kusafisha vyombo na bado ukasumbuliwa na pagale moja lisilo na mwenyewe, lenye msingi uliojaa maji tangu masika yaliyopita. Pagale la namna hiyo lipelekwe kwa mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwa maandishi, na nakala kwa bwana afya wa kata, wakati wa kiangazi ambapo msingi waweza kujazwa kifusi. Mvua zikishaanza, lori la kifusi halitaweza kufika huko.